Dakika Saba za Silke

Katika mtaa wetu wote wa Dortmund hakuna anayejua kutunza siri kunishinda mimi, Hannelore, mwenye kioski cha pembeni. Siri ikiingia kwangu imeingia kaburini. Hii ya Silke, kwa mfano, niliitunza siku nne nzima, na mbili kati ya hizo sikuwa na sauti kwa sababu ya mafua.

Ilikuwa Jumamosi ya mpira, mwezi wa kumi, saa nne asubuhi. Ngazi za stesheni kuu zilijaa watu wa jezi za njano na nyeusi, wakiimba na kusukumana kama nyuki waliovunjiwa mzinga. Katikati yao alikuwa Silke Nowatzki, mwenye baa ya Pembe ya Makaa, umri miaka thelathini na tisa, amevaa koti la mvua la kijani la marehemu mama yake. Nywele zake za rangi ya majani makavu alikuwa amezifunga kwa kitambaa cha kufutia glasi, ambacho alisahau kukivua alipotoka. Mikononi alikumbatia sanduku la glasi ishirini na nne za bia ya pilsna, zile ndefu zenye kiuno chembamba kama cha mwanamke kwenye kalenda, alizozichukua kwenye baa moja ya Bochum iliyokuwa inafungwa.

Sanduku likaanza kulegea chini. Silke alihisi karatasi inachanika kwenye vidole vyake, na hakuwa na mkono wa tatu. Ndipo ikaja mikono miwili mikubwa kutoka ngazi ya chini, ikalishika sanduku kitako kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala.

"Bibiye mtukufu," sauti ikasema, "waniruhusu niusitiri mzigo wako, usije ukaangamia?"

Silke akageuka kutazama nyuma yake, labda kuna bibi mkubwa wa enzi za mfalme amesimama pale. Hapakuwa na mtu ila mlevi mmoja mwenye tarumbeta.

"Unaongea na mimi?"

"Naam, bibiye."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu, shati la miraba, kofia ya sufu, na harufu ya sabuni ya msonobari. Jina lake Everett Dahl, Mmarekani wa mji wa Duluth. Kijerumani chake alifundishwa na bibi yake mzaa mama, aliyevuka bahari mwaka wa hamsini na mbili na kukihifadhi kama vazi la harusi, bila kukivaa tena. Kwa hiyo huyu kijana wa miaka arobaini na moja alizungumza kama mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alipochungulia ndani ya sanduku, macho yalimwaka. Akasema hizo ni glasi za pilsna, za ile inayomiminwa kwa dakika saba. Silke akamwambia kama anazijua vizuri hivyo, basi azibebe mpaka mwisho.

Pembe ya Makaa ni baa ya kona, mkabala na kioski changu. Vioo vya madirisha yake ni vya kahawia, vinene kama kitako cha chupa. Ukiwa ndani huoni mtaa, wala mtaa haukuoni. Ndani kuna kaunta ya mbao nyeusi, bomba moja la bia la shaba, mmea wa dirishani wa plastiki ambao Silke huufuta vumbi kila Ijumaa, na meza ya duara karibu na jiko. Meza hiyo ni ya wenyewe. Mgeni akiikalia, haambiwi kitu, anatazamwa tu, naye huhama mwenyewe.

Zamani walikaa pale wanaume wanane. Siku ninazozisimulia walibaki watatu. Jupp alikuwa mkuu wao, miaka thelathini na moja mpishi wa bia katika kiwanda ambacho leo ni uwanja wa magari. Bruno alikuwa mchimba makaa, mnene, mpole. Erwin alikuwa dereva wa tramu, na kwa kuwa maisha yake yote aliwaambia watu "sogeeni ndani", uzeeni alibaki na maneno hayohayo.

Meza hiyo ndiyo iliyokuwa gereza la Silke. Miaka tisa kabla, baba yake Manfred, akiwa kitandani hospitalini, alimshika kifundo cha mkono na kumwambia, "Ile meza, Silke. Maadamu mmoja wao bado anakuja, bomba lisikauke." Silke akasema ndiyo. Unamwambia nini mtu anayekufa? Alidhani ni mwaka mmoja, miwili. Lakini wale wazee walizoea kuishi. Baa ikawa haina siku ya mapumziko, kwa maana wazee hawakuwa nayo. Saa tano asubuhi anafungua, jioni anafunga, ufunguo shingoni. Bahari iko mwendo wa saa nne kwa treni, na hakuiona tena tangu mazishi.

Nitawaambia na jambo baya zaidi. Mwaka uliotangulia Jupp alikohoa wiki nzima, na Silke akajikuta anamwuliza habari za kifua chake mara nyingi kuliko huruma inavyotaka. Alipotambua anachokihesabu, alishuka chini akanawa uso kwa maji ya baridi, mara tatu.

Basi Jumamosi ile Everett aliweka sanduku juu ya kaunta, akazipanga glasi moja moja kwa vidole vile vikubwa, bila kusikika mlio hata mmoja. Silke aliitazama ile mikono. Everett akaeleza kwamba kwao anapika bia, kwamba watu wa kwao siku hizi wameipenda pilsna ya Kijerumani hata wanapanga foleni, na kwamba amekuja wiki tano kujifunza katika kiwanda kidogo karibu na bandari ya mfereji.

"Nasi twafundishwa," akasema, "ya kuwa pilsna ya kweli yataka dakika saba. Je, ni kweli, bibiye?"

Ngoja niwaambie kwanza ukweli. Ni dakika tatu. Unamimina mara ya kwanza, povu linapanda, unaliacha lishuke. Unamimina ya pili, unasubiri. Ya tatu unalivika taji linalosimama juu ya mdomo wa glasi bila kumwagika, unaivalisha shina lake kile kisketi cha karatasi cha kunyonya matone, basi. Tatu. Yale maneno ya saba ni ya babu zetu, wa enzi za mabomba mabovu, na anayeyarudia leo ni yule anayetaka kumchelewesha mteja.

Silke akaitazama saa, akamtazama na yule mtu.

"Saba," akasema. "Siku za mvua, nane."

Jupp alikuwa na glasi mdomoni, aliyomiminiwa kwa dakika tatu mara baa ilipofunguliwa. Mtu aliyepika bia miaka thelathini na moja akiambiwa dakika saba, ni kama padri kuambiwa miungu saba. Alifungua kinywa. Silke akamkazia jicho moja tu. Jupp akameza, akaweka glasi.

"Saba," akasema. "Mimi ndoa yangu ya kwanza ilianza ikaisha nikiwa nasubiri bia."

Basi hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa uongo wa dakika nne za ziada. Kila siku saa kumi Everett alitoka kiwandani, akasimama penye bomba, akaagiza moja. Silke alimimina kidogo, akaegemea kaunta. Walizungumza. Alimimina tena kidogo. Kwa dakika hizo saba hakuna aliyeruhusiwa kumwita. Erwin akianza kugonga meza, Bruno humkanyaga mguu.

Silke alimjua hivyo, kwa dakika saba saba. Alijua kwamba Everett aliachwa na mke aliyependa divai. Kwamba Duluth iko kando ya ziwa usiloona ng'ambo yake, na majira ya baridi mawimbi huganda yakiwa yamesimama. Naye Silke alimwambia habari za baba yake, za mabomba, za makaa, za kila kitu isipokuwa ile ahadi. Everett alimwita "hazina", kama bibi yake alivyomwita babu.

"Niite kipanya," Silke akamwambia, "kama watu wa hapa wanavyowaita wapenzi wao."

"Panya ni mnyama mchafu."

"Ndiyo, lakini daima anajua tundu la kutokea."

Everett akacheka. Silke hakucheka, akageukia bomba.

Tangu hapo kila asubuhi Everett alimpigia simu kabla hajafungua baa. Kipanya changu, umeamka? Nimeamka tangu saa moja, wewe umelala na mapipa? Nimelala na mapipa, ila hayanitanii kama wewe. Kisha Silke anamsikiliza akivaa soksi. Nilijuaje? Silke alipokea simu zake mbele ya kioski changu, huku ananunua gazeti la Jupp, na mimi masikio yangu bado mazima.

Wiki ya tatu Everett alileta makopo kumi na mawili ya bia yake mwenyewe aliyoyasafirisha kutoka kwao. Wazee wakaona aibu kukataa. Jupp alinusa kwanza, muda mrefu, kama mtu anayesoma hati ya mahakama. Akasema kimea ni safi, maji ni safi, lakini huyu mtu amelala na hopsi, yale maua ya uchungu wa bia, kitanda kimoja. Everett akaeleza kwamba kwao huongeza hopsi nyingine baridi, bia ikishaiva, ili inukie. Bruno akasema anasikia harufu ya msonobari na danzi. Erwin alimaliza kopo lake, akaomba la pili, apate kuwa na hakika kwamba haipendi. Hakika hiyo ilimchukua makopo manne.

"Si bia yetu," Jupp akatoa hukumu, "lakini ni mtoto wa bia yetu. Amekwenda shule ya mbali, amerudi na kofia ya ajabu. Utamfukuza?"

Silke alimwona Everett akikusanya makopo matupu huku anatabasamu. Siku ile, walipokuwa kwenye ghala la chini wanabadilisha pipa, Silke ndiye aliyeanza kumbusu. Ghala lilinuka chachu na chokaa. Everett akamwuliza kama Jumapili wanaweza kwenda kuiona bahari, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Silke akasema Jumapili baa iko wazi. Jumatatu je? Jumatatu pia. Everett akauliza kwa utani ni lini basi huwa inafungwa. Silke akainua pipa, akasema likae upande wa kushoto, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa ya wiki ya nne kiwandani walikuwa wakila mkate wa saa nne. Everett, kwa furaha yake, akasimulia alivyomwandikia ndugu yake Duluth, naye ameshapiga rangi ukuta mzima wa baa yao mpya maneno DAKIKA SABA, herufi ndefu kama mtoto wa shule. Wapishi wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya pipa. Mkuu wao, akipangusa macho, akamwuliza huyo mwanamke anakumiminia bia au anakuombolezea?

Saa nane mchana Everett aliingia Pembe ya Makaa bila salamu, akakaa karibu na dirisha, akavua saa ya mkononi, akailaza mezani. Pilsna ya Erwin ikaja kwa dakika tatu na sekunde kumi. Ya Bruno, tatu kasoro. Kisha akaagiza yake. Silke alipogeuka na kuiona ile saa mezani, alikuwa ameshamimina mara ya kwanza, na mkono haukujua ufanye nini. Ukaendelea kwa mazoea. Dakika saba kamili.

"Wote mlijua," Everett akasema. Kijerumani cha bibi kilimtoka chote, akasema kama mtu wa leo. "Wiki nne nimesimama hapa kama mjinga na meza nzima inanitazama. Imeandikwa ukutani kwetu, Silke. Mji wangu wote utasoma."

Silke alifungua kinywa. Na hapo hapo Erwin, ambaye hakuwa amesikia neno kwa sababu ya sikio lake, akainua glasi tupu: msichana, nyingine. Miaka tisa si kitu kidogo. Silke akageukia bomba kabla hajajua kuwa amegeuka. Aliporudisha uso, mlango ulikuwa unacheza kwenye bawaba.

Alikuja kioskini kwangu kununua leso za karatasi, akalia pale katikati ya peremende na magazeti. Akanieleza yote: dakika saba, ukuta, na ahadi ya baba yake, ambayo hakupata kumwambia mtu. Akasema anapenda wale wazee na anangoja wafe, vyote viwili, kila siku, na hajui mtu wa namna hiyo anaitwaje. Akanishika mkono nisimwambie mtu. Nikaapa.

Everett hakupokea simu Jumamosi, wala Jumapili. Jumatatu akapokea. Silke alikuwa ghalani chini, amekaa juu ya pipa tupu na koti la kijani.

"Ni dakika tatu," akasema kabla ya salamu. "Siku zote zilikuwa tatu."

"Najua sasa."

"Sikukucheka."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu tatu hazikutosha."

Silke alisikia Everett akipumua, na nyuma yake maji yakidondoka kwenye sinki la nyumba ya wageni.

"Sema tena," Everett akasema, polepole.

"Ungekunywa, ungeondoka. Mimi siwezi kumfuata mtu nje ya mlango, Everett. Nilichoweza ni kukuweka ndani dakika nne zaidi."

Hapo ndipo Everett alipomwomba. Akasema njoo nami, nikuoe, Duluth kuna ukuta unaokungoja. Na Silke, kwa mara ya kwanza, akamwambia habari za kitanda cha hospitali na kifundo cha mkono. Everett akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako amekufa miaka tisa."

"Meza haijafa."

"Kwa hiyo nisubiri wazee watatu wafe ndipo nikuoe?"

Silke mwenyewe, hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya miaka yote hiyo. Everett akasema, bila hasira, kwamba ndege yake ni Alhamisi saa nane mchana, na kwamba anampenda. Silke akarudi juu. Erwin alitaka nyingine.

Jumanne, siku ya nne, Jupp alikuja mwenyewe kuchukua gazeti lake, akaniuliza kama nimepona mafua. Nikamwambia nimepona, na sauti ikiwa imerudi ilitafuta kazi ya kufanya. Nilimwambia yote. Jupp alikunja gazeti mara mbili, akaliweka chini ya kwapa, akavuka barabara bila kutazama magari.

Jumatano saa tisa alasiri, wakiwa wote watatu mezani, Jupp akasimama. Alikuwa amevaa kofia yake, jambo ambalo ndani ya baa halifanyi.

"Binti," akasema, "keti."

"Nina kazi, Mjomba Jupp."

"Keti kwenye meza yetu."

Tangu azaliwe Silke hakuwahi kuikalia ile meza. Akaketi ukingoni mwa kiti cha baba yake.

Jupp akasema kuna jambo wamelificha. Kwamba Manfred, kabla ya kufa, aliwaita na wao. Kwamba aliwaapisha wasimwache binti yake peke yake katika baa tupu. Maadamu mmoja wao anatembea, aje. Kwamba kwa miaka tisa wamekuja kwa sababu ya kiapo hicho, mvua, theluji, homa. Na kwamba wamechoka, Mungu awasamehe. Kwamba yeye Jupp, binti yake Petra ana chumba Bremen, amemngoja miaka miwili.

"Mimi napenda kulala alasiri," Erwin akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ubao wa tramu.

Wakamgeukia Bruno. Bruno alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mimi daktari amenikataza bia," akasema. "Zamani. Nilikuwa sitaki kukuudhi. Yangu nimekuwa nikiimwaga kwenye mmea ule."

Silke akautazama mmea. Akautazama kitambo kirefu, majani yake ya kijani yenye kung'aa, hata vumbi hayana. Bruno alianza kutoka jasho. Lakini mtu anayetafuta tundu la kutokea hauhoji mmea.

"Kumbe," Silke akasema. "Maskini Mjomba Bruno."

Akalia, wao wakampigapiga bega kama wapigavyo farasi. Kisha Jupp akageuza glasi yake juu chini katikati ya meza, kama walivyofanya kila mmoja wao alipokufa. Bruno akageuza. Erwin aliimalizia kwanza.

Saa kumi na moja Everett aliingia, kwa kuwa Silke alikuwa amempigia simu na kumwambia neno moja tu, njoo. Alivaa shati la miraba lililopigwa pasi vibaya. Baa ilikuwa tupu, mara ya kwanza tangu nimeijua. Akaagiza pilsna. Silke akammiminia kama anavyowamiminia watu wote, dakika tatu, taji limesimama, kisketi shinani, akamsogezea.

Everett hakuigusa. Alikunja mikono, akaitazama saa ya ukutani.

"Kunywa, inakufa."

"Bado nne, kipanya."

Wakangoja wote wawili. Povu likashuka, taji likawa shimo. Zilipotimia saba Everett akakivua kile kisketi cha karatasi, kimelowa, akakisokota kati ya vidole vyake vikubwa mpaka kikawa kama uzi, akauzungusha kwenye kidole cha Silke. Silke akasema pete hii haitafika hata kesho asubuhi. Everett akasema basi kesho nitasokota nyingine, glasi ziko ishirini na nne. Halafu akainywa ile bia iliyokufa mpaka tone la mwisho, na huo, kwa mpishi wa bia, ni upendo ambao mimi sijauona kwa waume zangu wote.

Everett alipanda ndege Alhamisi. Silke akamfuata mwezi wa kwanza, na bomba la shaba amelifunga ndani ya koti la kijani.

Huko Duluth ukuta uko palepale, DAKIKA SABA, na Wamarekani hawakukubali ufutwe. Wanakaa wanasubiri kwa raha, wanapiga picha povu, wanamwuliza Silke kama kwao ni hivihivi. Naye, akitazama ziwa lililoganda nje ya dirisha lisilo la kahawia, anajibu naam, hivihivi. Uongo wake umemwajiri, na hauna siku ya mapumziko, ila Jumatatu wanafunga, na Jumatatu hiyo huenda kutembea ufukweni mpaka miguu iume.

Kila Jumapili, saa nne asubuhi kwao na saa kumi na moja jioni kwetu, kabla wateja hawajaja, Silke hupiga simu kioskini kwangu. Hanitaki mimi, anamtaka Jupp. Jupp humweleza habari za Bremen: mto, meli, shakwe wanaoiba mkate, Petra na supu zake. Anaeleza vizuri, kwa mtu aliyewahi kwenda Bremen mara moja tu, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu Silke alikuwa ameanza kumimina ya kwanza, ya kujaribia bomba, simu imebanwa begani, Everett anapanga viti.

"Habari za Bremen, Mjomba Jupp?"

"Njema, binti. Petra amekaanga samaki. Ninavyoongea hivi meli inapita."

Sasa, kile kimeza kirefu kilichoko mbele ya kioski changu ni cha kusimamia, wala hakina jiko, na mwezi wa tatu baridi bado ina meno. Wazee watatu wanaosimama pale kila siku tangu baa ifungwe wanahitaji kuangaliwa. Mimi nilikuwa dirishani na makreti yangu, sikumwona Jupp ameshika simu. Haki ya Mungu sikumwona.

"Jupp," nikapaza sauti, "Bruno keshaimaliza chupa yako, sema nikufungulie nyingine."

Jupp akaifunika simu kwa kofia. Tulikuwa tumechelewa.

"Mjomba Jupp," Silke akasema. "Shangazi Hannelore anafanya nini Bremen?"

"Amekuja kututembelea."

"Amefunga kioski?"

"Kidogo tu."

"Na Bruno?"

"Naye amekuja. Kwa treni."

"Bruno aliyekatazwa bia na daktari."

Jupp alinitazama. Mimi nilitazama angani, kama mwenye kungoja mvua. Bruno aliirudisha ile chupa mezani taratibu. Na Silke, kule mbali, akaanza kucheka na kulia pamoja, mpaka Everett akaacha viti akamsogelea. Akasema hakukuwa na kiapo chochote, baba yake hakuwaita, Petra hana chumba, na wao sasa wamesimama kwenye baridi kama fito za bendera kwa ajili yake. Akasema wamemdanganya wote watatu, tena bila haya, tena vibaya.

"Na yule Bruno na mmea wake," akasema. "Mmea wenyewe wa plastiki!"

Jupp akavaa kofia yake, akaisogeza simu karibu na mdomo. Alipika bia miaka thelathini na moja. Anajua kungoja kitu kitulie.

"Uliokuwa ukiufuta vumbi wewe mwenyewe," akasema, "kila Ijumaa, miaka tisa. Siku ile uliutazama, binti, mimi nikakuona. Ukasema maskini Mjomba Bruno."

Kwenye bomba mkono wa Silke ulikuwa umesimama, na ile pilsna iliyo mbele yake ikapita dakika ya saba, ikapita ya nane, huku Everett anamtazama.